Breki za Anjela, na Yule Idi

Vijana mnaoshika spana leo, kabla sijawaambia lolote kuhusu breki, mjue kwanza kwamba mimi ni mtu mwenye wivu. Wazee wengi wa kazi hawalisemi jambo hili. Wanazikwa nalo, halafu mchungaji anasimama pale kaburini anasema marehemu alipendana na mafundi wote. Mimi sikupendana na mafundi wote. Nimetengeneza baiskeli hapa Dongobesh tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka magoti yalipokataa kuchuchumaa, na miaka yote hiyo, ng'ambo ya barabara, alikuwepo Idi.

Baba yake Idi alikuja kutoka Kondoa akafungua duka la chumvi, sukari na vitenge. Idi angeweza kukaa kivulini akapima sukari maisha yake yote. Akaona hapana. Akaja kujifunza baiskeli kwa fundi yuleyule niliyekuwa najifunza mimi, marehemu Mzee Bura, nyuma ya mashine ya kusaga. Tulikula ugali sahani moja na tukagombania spana moja. Donge langu lilianzia hapo.

Mzee Bura hakuwa mtu wa kusifu. Ukimaliza kunyoosha ringi alikuwa anaizungusha, anaitazama, anaiweka chini, anarudi kwenye ugoro wake. Siku moja akazungusha ya kwangu akasema, "Wewe una nguvu." Akazungusha ya Idi akasema, "Wewe una mikono." Basi, hakueleza zaidi. Mzee ameshalala kaburini zamani, na mimi mpaka leo nikinawa naitazama mikono yangu na sielewi ina kasoro gani. Kwake nilijifunza kazi, na nilijifunza ugoro pia. Idi alijifunza kazi tu.

Mnacheka. Chekeni, lakini kila mmoja wenu ana Idi wake, na kama hajatokea bado, anakuja. Mimi nilikuwa na kibao kikubwa kuliko chake. Nilikuwa na pampu mbili, moja ya mguu na moja ya mkono. Watu walishuka kwenye basi na baiskeli iliyopinda, wakanisalimia vizuri kabisa, wakaniuliza habari za nyumbani na habari za mvua, kisha wakavuka barabara. Mimi nabaki nafuta spana ambazo hazikuwa na uchafu wowote.

Sasa tuje kwenye breki, maana ndiyo niliyowaitia.

Baiskeli tulizokuwa nazo zamani zilikuwa na breki za vyuma. Ukibana pale kwenye usukani, chuma kinavuta chuma kingine, na raba zinapanda kubana ringi kwa ndani. Zilikuwa nzito na zilipiga kelele, lakini mtu alishuka nazo mlima na gunia la mahindi nyuma, akafika mzima. Raba zikiisha hatukwenda dukani. Tulikata tairi kuukuu la lori, tukachonga kwa kisu, tukatoboa kwa msumari wa moto. Kuchonga raba nilimshinda Idi, na hilo naomba lisisahauliwe.

Enzi hizo nilikuwa nafuata minada pia. Kwenye mnada wa Balangdalalu alinijia mkulima mmoja ambaye baiskeli yake haikuwa na breki hata moja. Alikuwa amefunga tawi la mti kwa kamba nyuma ya kiti cha mizigo. Kwenye tambarare tawi linakaa juu ya gunia. Akifika mteremko analisukuma linaanguka, linaburuta chini, baiskeli inapunguza mwendo, na vumbi linawafuata yeye na wote walio nyuma yake. Nikamwambia nimwekee breki za kweli. Akakataa, akasema tawi halijawahi kumwangusha, alichotaka ni ndoano nzuri ya kulishikia ili asigeuke nyuma kulisukuma. Nikamtengenezea ndoano. Kila mnada alinipitia kunishukuru, akaniletea na maziwa ya mgando. Idi hajawahi kutengeneza breki ya tawi maishani mwake.

Kisha zikaja hizi BMX za watoto. Zinapendeza machoni, zinang'aa, na breki zake ni dhaifu tangu zinaposhushwa kwenye lori. Mkipokea moja msikimbilie kukaza waya, kama ninavyowaona mnafanya. Tazameni kwanza mkono wa mtoto. Kile chuma cha kubana kimewekwa mbali, kwa kiganja cha mtu mzima, wakati mwenye baiskeli ana vidole vifupi. Mtoto anabana kwa ncha za vidole tu, na ncha za vidole hazina nguvu. Karibu na usukani kuna kiskrubu kidogo, watu wengi hawakioni. Kizungusheni mpaka kile chuma kisogee karibu na kiganja chake. Mwambieni mtoto akae juu ya baiskeli, ashike, abane. Msipime kwa mkono wenu.

Halafu tazameni lile ganda ambamo waya unapita. Kwenye BMX huwa ni refu kupita kiasi, limejikunja mara mbili mbele ya usukani, na ni laini. Nguvu ya mtoto inaishia kulibonyeza ganda, haifiki kwenye gurudumu. Likateni liwe fupi, lipite njia moja ya kupinda taratibu, lakini usukani ugeuke pande zote bila kulivuta. Kisha vile vyuma viwili vinavyolikumbatia tairi: nati yao ya katikati ikilegea vinacheza, ikikazwa sana havirudi. Mnaikaza mpaka mwisho, mnairudisha kidogo sana, mnaifunga na ya pili. Raba zitazame ringi katikati. Zikigusa tairi zitalikata, na zikining'inia chini ya ringi mtoto anabana hewa.

Haya yote niliyajua. Yashikeni hayo, kwa sababu nawapeleka sasa kwa mjukuu wangu Anjela.

Anjela ni mtoto wa Safari, mwanangu wa kwanza, ambaye anafanya kazi Babati. Anaishi na sisi, yuko darasa la nne. Baba yake alimpandishia BMX kwenye basi, ya bluu, ringi za kung'aa kama sufuria mpya. Nyumba yetu iko juu kwenye mgongo wa mlima. Kwenda shule ni mteremko mmoja mrefu wa udongo mwekundu mpaka darajani, na hapo darajani njia yetu inakatiza barabara kuu, ile ya mabasi ya Haydom. Mlima huo nimeushuka tangu utotoni kwa miguu, na hata kwa miguu mtu anajizuia.

Ijumaa moja jioni mke wangu, Mama Safari, alikuwa anasafisha viatu vya shule. Akakishika kimoja, akakigeuza, akakileta mpaka nilipokaa. Soli ya mguu wa kulia ilikuwa imeliwa katikati, kidole kinapita.

"Hiki kiatu ni cha muhula huu," akasema.

Tukamwita Anjela. Akatueleza bila wasiwasi wowote, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. "Breki haishiki, babu. Nikifika kwenye kona naweka mguu juu ya tairi la nyuma. Ikikataa, naingia kwenye mahindi ya jirani."

"Umeingia mara ngapi?"

"Jirani amesema niache."

Nililiona lile daraja na mabasi yanavyokuja pale bila kupunguza mwendo. Mama Safari akasema baiskeli isipopona inarudi Babati, na aliposema hivyo Anjela akajibu haraka, kwa furaha kabisa, kwamba si shida, ataipeleka kwa Babu Idi.

Babu Idi! Mimi ndiye niliyemzaa baba yake. Mimi ndiye fundi aliyemo ndani ya nyumba, na sanduku langu la spana liko chini ya kitanda changu. Kumbe kila akitoka kanisani alikuwa anapitia kwa Idi kujaza upepo, na Idi anawajazia watoto wote bila kuwatoza chochote, na ana jina kwa kila baiskeli ya mtoto. Ya Anjela anaiita Dada Bluu. Nilimwuliza Anjela kama anajua kwamba babu yake naye alikuwa fundi. Akasema anajua, ila nilikuwa fundi zamani.

Jumamosi nilitoa sanduku. Vijana, nilifanya kazi. Nilikata ganda, nikaweka waya mpya, nikakaza nati kama nilivyowaeleza, nikasogeza kile chuma mpaka kikakaa kwenye kiganja chake. Raba zilikuwa zimekuwa ngumu na zinang'aa, nikazipiga msasa mpaka zikarudi kuwa nyeusi. Ringi ya nyuma nikainyoosha. Anjela akapanda, akabana pale uani, gurudumu likafunga papo hapo mpaka kuku wakakimbia. Akacheka. Akasema, "Babu, imeshika kweli." Siku hiyo nilikula chakula vizuri.

Jumapili mimi huwa natangulia kanisani kwa sababu naimba besi kwenye kwaya ya wazee na tunapasha sauti mapema. Anjela anakuja baadaye na bibi yake, kwa njia ya juu isiyo na mteremko mkali. Baada ya ibada akapita kwa Idi kama kawaida yake, akarudi nyumbani kwa njia ya juu. Jioni nikamwambia abane nione. Akabana. Baiskeli ikaendelea tu kwenda.

Sikuamini. Nikabana mwenyewe, ikateleza. Nikafungua, nikafunga, nikapiga msasa tena, nikakaza waya. Jumatatu alitembea kwa miguu. Jumanne nikaipima kwenye vumbi la uani, ikashika nusu. Jumatano ikashika vizuri kabisa, nikamruhusu, na mpaka Jumamosi ilikuwa inashika kama siku ya kwanza. Jumapili jioni ikafa tena. Nikaifufua kwa njia ileile, na wiki nayo ikaenda vilevile.

Sasa niambieni, ningewaza nini? Baiskeli inakufa siku moja tu katika wiki, na siku hiyo ndiyo inayopita kwenye benchi la Idi. Niliona kila kitu wazi. Idi amejua kwamba nimerudi kazini. Anailegeza kidogo kila Jumapili ili mtoto aone babu yake ameisha, kisha siku moja ataikaza yeye na jina liwe lake. Niliwaza hivyo, na siwafichi kwamba niliyawaza kwa raha fulani, kwa sababu hatimaye Idi alikuwa na kosa.

Jumapili iliyofuata Anjela alipita kwa Idi, akarudi kwa njia ya juu kama kawaida. Alipomaliza kula, bibi yake akamtuma darajani kuchukua nyanya. Alishuka na baiskeli. Alipofika kwenye kona akabana, haikushika. Akaweka mguu, na safari hii alikuwa na viatu vya kanisani, vyenye soli laini, mguu ukateleza. Alivuka barabara kuu kwa kasi yote ya mlima ule mbele ya basi la Haydom. Basi lilisimama kwa kupinda, nusu liko nje ya barabara, limejaa wagonjwa wa hospitali ya kule Haydom na ndugu waliowasindikiza. Anjela akaenda kuishia kwenye majani ng'ambo. Hakuumia popote. Niliposikia watu wakipiga kelele nikashuka kwa magoti yangu haya, na nilipofika nilimkuta dereva amekaa kwenye ngazi ya basi, ameshika kichwa. Nikampa pole.

Tukapanda mlima, mimi nimeshika baiskeli, yeye ameshika shati langu. Mama Safari alishapata habari. Alimpapasa mtoto mwili mzima, kisha akasema taratibu, "Kesho hii baiskeli inapanda basi hilohilo inarudi Babati. Sitaki kuiona hapa."

Anjela hakulia. Alinitazama mimi. "Babu," akasema, "ungeniacha nimpelekee Babu Idi."

Hilo neno liliniingia. Nikaikamata ile baiskeli na kuipeleka mwenyewe, Anjela ananifuata nyuma, na njiani kote nilikuwa naongea peke yangu.

Idi alikuwa kwenye benchi lake chini ya bati, anaziba pancha, watu wawili watatu wamekaa wanamtazama. Yeye bado anaona uzi kwenye sindano bila miwani. Hilo nalo linaniuma.

"Habari za mchana, Fundi," akasema.

"Si nzuri. Unaifanya nini baiskeli ya mtoto?"

"Ipi?"

"Hii hapa. Jumamosi inashika. Jumapili inapita kwako, na Jumapili inakufa. Leo imetaka kumwua."

Wale watu wakageuka kunitazama. Idi akaweka tyubu chini, akafuta mikono kwa kitambaa. "Huwa naijaza upepo," akasema. "Siku moja nilimfungia kengele."

Ile kengele nilidhani ilitoka kwa baba yake. Nilikuwa nimeisifu mezani.

Nilingoja akasirike. Mtu akisingiziwa anakasirika, na mimi nilikuwa nimejiandaa. Idi hakukasirika. Aliigeuza baiskeli ikasimama kwa kiti, akabana, akaachia, akabana. Akafuata waya kwa macho mwanzo hadi mwisho. Akazungusha gurudumu la nyuma, akaweka kidole gumba kwenye ringi, akakitazama, akakinusa.

"Baba Safari, sogea," akasema. "Gusa hapa."

Nikagusa. Ilikuwa laini.

"Nusa."

Nikanusa. Ugoro wa miaka yote ile ulishaimaliza pua yangu. "Sisikii kitu," nikasema.

"Mimi nasikia. Haya ni mafuta ya kupaka, ya kopo, yale yenye manukato. Binti yangu anayauza dukani." Akamgeukia Anjela. "Mjukuu wangu, baiskeli yako anaisafisha nani?"

"Bibi," Anjela akasema. "Jumapili akishanipaka mafuta ya kwenda kanisani, yanayobaki mkononi anaipaka na baiskeli. Anasema isipauke."

Nyinyi mliozaliwa huku hamhitaji kuelezwa. Upepo wetu na vumbi letu hili, mtoto akienda kanisani na miguu iliyopauka, aibu si ya mtoto, ni ya mwanamke aliyemtoa nyumbani. Mama Safari amelea watoto wake wote waking'aa. Sasa baiskeli nayo inakwenda kanisani, inaegeshwa pale mlangoni mbele ya kina mama wote. Ataiachaje ipauke? Na sehemu inayong'aa kuliko zote ni ringi. Kila Jumapili alikuwa anazisugua ringi zote mbili kwa viganja, kwa upendo, pande zote, mahali hasa ambapo raba inatakiwa kushika. Wiki nzima vumbi la mlima linayafuta mafuta hayo kidogo kidogo, breki inarudi, mimi najisifu, na Jumapili anaanza upya.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba niliwahi kuliona jambo hili kabla. Nilipokuwa nafuata minada nilikaa Basotu msimu mmoja, na wauza samaki wote pale walikuwa hawana breki za nyuma, kwa sababu tenga la samaki linachuruzika mafuta juu ya ringi njia nzima. Niliwafundisha mwenyewe kuweka nailoni chini ya tenga. Nilijua, kisha kwenye baiskeli ya mjukuu wangu nikashindwa kuona, maana nilikuwa naangalia ng'ambo ya barabara.

Tuliisafisha pamoja. Shikeni hili: msitumie mafuta ya taa kuondoa mafuta kwenye ringi, yanaacha utelezi wake. Maji ya moto na sabuni ya unga, mara mbili, kisha kitambaa kikavu kisichowahi kushika grisi. Pitisha kidole gumba. Kikilia, ringi imetakata. Msasa laini unaweza kupita baadaye, kwa kuzunguka, si kwa kukwaruza. Raba zilizonywa mafuta tupeni, hazitakaswi. Na mwambieni mtoto kwamba ringi hizi za kung'aa zikilowa mvua hazishiki haraka, kwa hiyo aanze kubana kidogo kidogo juu kabisa ya mlima, zikauke zikizunguka, asingoje kona.

Idi akatoa raba mpya kwenye kopo lake, akazifunga. Kazi nyingine hakuigusa. Alipomaliza akamwita Anjela, akamwonyesha waya, nati, na kile chuma cha mkononi, kimoja kimoja. "Hii breki imefungwa vizuri sana," akamwambia. "Mimi nisingeifunga hivi. Babu yako ndiye fundi. Mimi nimefuta tu."

Jamani. Angenitukana ningejua la kumjibu. Angenicheka mbele ya wale watu, ningekuwa na kitu cha kurudi nacho nyumbani. Nimemsingizia mchana kweupe, naye ananisifia kwa mjukuu wangu, na anasema kwa moyo, maana Idi hajui kusema vingine. Hata katika wema amenishinda. Nilirudi mlimani nikiwa na wivu kuliko nilivyoshuka.

Alikuja na mimi, kwa sababu kulikuwa na kazi nyingine iliyobaki na hakuna kati yetu aliyetaka kuifanya peke yake.

"Utamwambia wewe," nikamwambia njiani.

"Mke ni wako, Baba Safari."

Nilimwambia. Nilizunguka sana, nikaanza na Basotu, nikapita kwenye samaki. Mama Safari alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika mwiko. Nikaona ameelewa ni mikono ya nani iliyompeleka mtoto mbele ya lile basi. Akakaa chini kwenye kigoda.

"Nilitaka apendeze," akasema.

"Alipendeza, shemeji," Idi akamjibu. "Kila Jumapili alipendeza kuliko wote."

Akajifuta macho kwa pembe ya kitenge, kisha akatutazama wote wawili. "Sasa nyie mafundi wawili, wazee wazima, wiki zote hizi hamkuona kitu kimepakwa mafuta?" Idi alitaka kueleza kwamba yeye ameyagundua leo tu, nikamkanyaga mguu. Mama Safari akaahidi hatagusa tena ringi kwa mafuta, atapaka fremu peke yake. Lakini baiskeli itapanda basi kesho kama alivyosema, akasema, isipokuwa aione kwa macho yake ikisimama pale kwenye kona.

Tukashuka wote, jua likiwa bado juu. Mama Safari alisimama kwenye kona. Mimi na Idi tulienda chini kabisa darajani kutazama barabara, na hapo kuna ukuta mfupi wa mawe ambao watu hukaa wakingoja basi. Nikaangalia upande wa Haydom, Idi upande wa Mbulu. Barabara ilikuwa tupu. Nikanyoosha mkono.

Anjela alikuja. Nilimwona anaanza kubana juu kabisa kama tulivyomwagiza. Alifika kwenye kona taratibu, akasimama miguu yote miwili juu ya pedeli, akaweka mguu mmoja chini mbele ya bibi yake. Mama Safari alitikisa kichwa kukubali. Anjela akaachia, akashuka sehemu ya mwisho, ile iliyo kali, na akasimama hatua chache kabla ya lami, mbele yetu, bila kuburuta kiatu. Moyo wangu ulirudi mahali pake. Niliamini kwamba mtoto huyu atakua.

Kuna mama anauza nyanya pale darajani, ndiye aliyepiga kelele ya kwanza mchana ule. Akamwambia Anjela, "Mtoto, mchana umetaka kutuua sisi wote. Sasa hii breki amekutengenezea nani?"

Mimi nilikohoa kidogo. Idi hakukohoa, lakini niliona amesimama wima.

"Bibi," Anjela akasema.

"Bibi yako ni fundi?"

"Hapana. Alikuwa anaipaka mafuta, sasa ameacha. Ndiyo imepona."

Kisha akageuza baiskeli akaanza kuisukuma kupanda kumfuata bibi yake.

Mimi nimeshazoea. Lilinichoma mara moja likapita. Lakini nikasikia Idi anamwita, "Anjela, mjukuu wangu, nani aliyeyanusa yale mafuta?" Anjela akajibu bila kusimama, "Ni wewe, Babu Idi, ila aliyeacha ni bibi." Idi akamgeukia yule mama wa nyanya, ambaye hakuwa amemwuliza, akaanza kumweleza habari za kidole gumba na ringi, na raba mpya zilizotoka kwenye kopo lake mwenyewe. Sauti yake ilikuwa inapanda. Idi, ambaye maisha yake yote sijamsikia akijisifu. Yule mama alikuwa anampangia mteja mwingine nyanya, anasema eeh, eeh, hasikilizi. Idi akanyamaza katikati ya neno. Akabaki amesimama, anaangalia juu mlimani ambako bibi na mjukuu wanaondoka wakicheka, na uso wake niliujua, maana nimeuvaa mimi tangu kwa Mzee Bura.

Nikasogea kwenye ule ukuta, nikampa nafasi.

"Kaa hapa, Idi," nikamwambia. "Miaka yote hii nimekaa peke yangu."